Kahawa kwa Kabaka: Kiziba Pembeni mwa Buganda

Mwaka 1856 Kabaka Suna wa Pili wa Buganda aliugua ndui akirudi kutoka vitani Kiziba, akafariki. Mwanawe Mutesa akarithi kiti. Nilikulia Kanyigo, na habari hiyo tulisimuliwa kwa fahari, kana kwamba ndui nayo ilikuwa upande wetu. Nilipoanza kufundisha historia kule Muleba ndipo nilipotambua kwamba simulizi hiyo hukatwa mapema. Hatukuambiwa kilichofuata: kwamba chini ya Mutesa mkono wa Buganda ulizidi kutulemea, kwamba Abakama, yaani wafalme, wa Kiziba waliendelea kupeleka kahawa ng'ambo ya Mto Kagera, na kwamba ugomvi wa kiti ndani ya ukoo wa kifalme ndio uliowafungulia njia askari wa Kabaka.

Sehemu hiyo iliyokatwa ndiyo ninayotaka kuiandika. Naipenda Kiziba, na naamini kwamba namna ufalme mdogo ulivyoishi na jirani mwenye nguvu ni habari yenye akili nyingi kuliko vita vyote tunavyopenda kusimulia jioni.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, nchi ya Wahaya haikuwa na mfalme mmoja. Upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria kulikuwa na falme kadhaa zilizopakana: Kiziba kaskazini, kisha Bugabo, Kyamtwara, Maruku, Kianja, na kusini kabisa Ihangiro, ambayo eneo lake leo ni sehemu kubwa ya Wilaya ya Muleba. Ndani zaidi, mbali na ziwa, ilikaa Karagwe. Watawala wa nyingi kati ya falme hizo walijihesabu kuwa Abahinda, uzao wa Ruhinda. Sisi Kiziba tulitofautiana nao. Watawala wetu walikuwa Ababito, ukoo uleule wa wafalme wa Bunyoro, na simulizi humtaja Kibi, mwindaji aliyekuja na mbwa wake akawagawia wenyeji nyama hadi wakamkubali awe mkubwa wao. Tangu mwanzo, basi, tulikuwa na jamaa mwenye nguvu mbali kaskazini. Bunyoro ilikuwa dola kubwa kabla Buganda haijawa kubwa, na Kabaka aliyetaka kuigusa Kiziba alijua anaugusa ukoo wa adui yake mkuu.

Mambo yaligeuka kuelekea mwisho wa karne ya 18, Kabaka Junju alipoitwaa Buddu, nchi yote ya kaskazini mwa Kagera iliyokuwa chini ya kivuli cha Bunyoro. Kuanzia hapo Buganda haikuwa tena habari ya kusikia kwa wasafiri. Ilikuwa jirani wa mlango kwa mlango. Kati ya mashamba yetu ya migomba na ya Waganda ulibaki mto na mabwawa yake, basi.

Tazama jinsi Buganda ilivyowatendea majirani watatu wa upande huo wa kusini, maana hapo ndipo ninapopata kipimo changu. Buddu ilimezwa kabisa: ikawekewa mkuu mwenye cheo cha Pokino, aliyeteuliwa na Kabaka na aliyeweza kuondolewa na Kabaka. Koki, ufalme mdogo wa Ababito kama sisi, uliachiwa mfalme wake, Kamuswaga, lakini akawa mtu wa kutoa kodi, majembe ya chuma na vinginevyo, mpaka mwaka 1896 alipojiunga na Buganda chini ya Waingereza na nchi yake ikageuka kuwa jimbo. Ya tatu ni Kiziba. Tulivamiwa, tukatozwa, tukaingiliwa katika mambo ya urithi wa kiti. Lakini hakuna Pokino aliyewahi kukaa Kiziba. Mahakama ilikuwa ya Omukama, mfalme wetu, ngoma ilikuwa ya Omukama, na ardhi ilitolewa na kunyang'anywa kwa neno la Omukama.

Wanafunzi wangu walipenda kuniuliza: sasa Mwalimu, tulikuwa huru au hatukuwa huru? Swali ni zuri, ila linadai jibu la ndiyo au hapana, na wazee wa wakati ule hawakuliishi hivyo. Kwao suala lilikuwa ni nini kinatolewa, na nini hakitolewi hata kwa mkuki.

Kilichotolewa kwanza ni kahawa. Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu watu wa mbali wakisikia kahawa hufikiria kikombe. Ya kwetu ni ya kutafuna. Ni robusta, iliyoota na kupandwa kandokando ya ziwa hili zamani sana kabla mzungu yeyote hajafika. Huchumwa ingali haijaiva sawasawa, rangi ya kijani ikianza kugeuka. Hutiwa chunguni pamoja na majani yenye harufu, ikachemshwa, kisha huanikwa juani siku kadhaa mpaka ganda la nje linasinyaa na kuwa jeusi, gumu. Ukiiweka mdomoni kwanza ni chungu, halafu ule mchanganyiko wa majani unakuja taratibu. Mgeni akiingia nyumbani hupewa kahawa kabla ya kuulizwa shida iliyomleta. Kumnyima ni kumfukuza. Mpaka leo utaiona inauzwa Bukoba mjini imefungwa katika maganda makavu ya mgomba, na msafiri wa basi hainunui kwa ajili ya njaa. Anaipeleka kwa watu.

Tunda moja la kahawa lina punje mbili ndani. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walichanjana, kila mmoja akapaka punje moja damu yake, wakabadilishana, wakatafuna na kumeza. Desturi hiyo ilikuwako kwetu na ilikuwako Buganda pia. Waganda walikuwa na mibuni yao, ila kahawa iliyotoka kwetu ilitakiwa sana kwao, na si kwao tu, maana ilifika pia Karagwe na nchi za Wanyamwezi. Na kwa kuwa ilikuwa na thamani hiyo, hapakuwa na uhuru wa kila mtu kupanda mibuni atakavyo. Wakama waliishikilia. Mtu wa kawaida alihitaji ruhusa.

Kwa hiyo Omukama alipompelekea Kabaka mizigo ya kahawa, tendo hilo lilikuwa na nyuso mbili. Barazani kwa Mutesa lilitafsirika kuwa kodi: Kiziba imeleta, Kiziba ni yangu. Barazani kwetu liliweza kusemwa kuwa ni zawadi kati ya wakubwa, kwani ni kahawa hiyohiyo ambayo mwenye nyumba humpa mgeni. Sidhani kama hili lilikuwa unafiki. Watu wazima wawili walikuwa wakiacha nafasi ili wasilazimike kupigana kila mwaka. Kabaka alipata kahawa na kauri na sifa ya kuwa na wafalme chini yake. Omukama alipata amani mpakani, nguo za magome kutoka kwa mafundi wa Buganda, na hapo baadaye njia ya kupata bidhaa za pwani. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamefika Buganda tangu miaka ya 1840 wakipitia Kafuro, kituo chao cha Karagwe, na jirani aliyegombana na Kabaka alijiweka kando ya njia hiyo.

Lakini ni lazima niseme pia ni nani aliyelipa. Mizigo ile haikutoka mikononi mwa Omukama. Ilichumwa na mwanamke kibanjani, shambani kwake, ikabebwa kichwani na kijana ambaye hakuulizwa. Majeshi ya Buganda yalipokuja kwa hasira, waliochukuliwa walikuwa ng'ombe na wanawake na watoto. Amani iliyonunuliwa kwa kahawa ilinunuliwa na watu wadogo. Anayeisifu busara ya Wakama, kama ninavyoisifu mimi, asiliache hilo nje.

Udhaifu wetu haukuwa udogo wa nchi. Ulikuwa urithi. Omukama aliacha watoto wengi wa mama tofauti, na hakuna sheria iliyosema kwa hakika yupi atakalia kiti. Akifa, kila mama alikuwa na ndugu zake, na kila mtoto alikuwa na kundi lake. Aliyeona anashindwa hapa nyumbani alikuwa na mahali pa kukimbilia, ng'ambo ya mto, na kule alipokewa vizuri, kwa sababu mtu anayedai kiti cha jirani ni mali. Akirudi na askari wa Kabaka na akashinda, alikuwa na deni, na deni hilo lililipwa na nchi nzima. Falme jirani nazo zilipitia mlango huohuo. Karagwe ya Rumanyika, ambayo wasafiri Speke na Grant waliifikia mwaka 1861 wakaistaajabia kwa utulivu wake, ilitawaliwa na mtu aliyekuwa amepata kiti kwa msaada wa mfanyabiashara Mhindi, Musa Mzuri, katika ugomvi na ndugu yake Rogero. Rumanyika alipofariki mwaka 1878 nyumba ikaanza tena kupasuka, na haikupata kupona.

Naamini hivi: Buganda haikutushinda kwa mikuki peke yake. Kila iliposhinda, mmoja wetu alikuwa ameshika mlango.

Tusidharau nguvu ya Buganda, hata hivyo, hasa majini. Msafiri Stanley, aliyekuwapo mwaka 1875, aliona mitumbwi ya vita ya Mutesa zaidi ya 200 ikienda kupigana na Wavuma. Haikuwa magogo yaliyochongwa. Ilikuwa mbao zilizoshonwa kwa kamba, na pua ndefu mbele iliyopambwa kwa pembe za swala. Jeshi kama hilo lilimaanisha kwamba hata ufalme ulio mbali na Kagera, kama Ihangiro, haukuwa salama kwa sababu tu ya umbali. Na mwaka huohuo Ihangiro ilionja.

Kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kimo Muleba, kilikuwa chini ya Antari, Omukama wa Ihangiro. Mwezi Aprili 1875 Stanley alitua hapo na mashua yake akitafuta chakula. Watu wa Bumbire waliivuta mashua nchi kavu, wakataka vitambaa na shanga, wakachukua makasia na ngoma yake. Yeye aliliandika jambo hilo kama ushenzi wa watu wasio na sababu. Mimi nalisoma tofauti. Mgeni mwenye silaha ametua bila ruhusa katika nchi yenye mwenyewe, akatozwa hongo, kama alivyotozwa kila msafiri katika njia zote za bara kutoka Bagamoyo. Kutoza ndiko kulikokuwa alama ya kuwa mwenye nchi. Stanley alijinasua kwa bunduki, akaua watu, wafuasi wake wakapiga makasia kwa mbao walizong'oa ndani ya mashua. Tarehe 4 Agosti alirudi, safari hii akiwa na mitumbwi ya Waganda na bunduki nyingi, akawapiga risasi watu waliosimama ufukweni mpaka makumi wakalala chini. Barua zake zilipochapishwa magazetini zilizua ghadhabu hata Uingereza kwenyewe.

Ninapofika Muleba huwa naliwaza tukio hilo, na linalonigusa zaidi ya risasi ni ile mitumbwi. Nguvu mbili za nje zilikutana kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya watu wa Ihangiro: jirani mkubwa waliyemjua, na mgeni wasiyemjua, wakipiga makasia pamoja. Kwa jirani walikuwa na njia za kumtuliza. Kwa huyu mwingine hawakuwa na chochote.

Mutesa alikufa mwaka 1884, Mwanga akashika kiti, na kuanzia 1888 Buganda ikaanza kujirarua yenyewe: Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti, kila kundi na bunduki zake. Majirani wadogo wakapumua. Kama historia ingeachwa iende yenyewe, naamini Kiziba ingeutumia udhaifu huo kama ilivyotumia kila udhaifu wa mkubwa kabla ya hapo. Haikuachwa. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba, na mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta ukapigwa kukata ziwa na nchi kavu kuelekea Kongo. Waliouchora hawakuwa wameiona Kagera. Mwezi Novemba mwaka huo Emin Pasha, Mjerumani aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Misri la Ekwatoria, aliweka boma Bukoba kwa niaba ya Ujerumani. Mwezi uliofuata, Desemba, Kapteni Lugard aliingia Mengo, makao ya Kabaka, kwa niaba ya kampuni ya Waingereza. Ndani ya wiki chache tu mtoa kodi na mtoza kodi wote wawili walipata mabwana.

Na sasa linakuja jambo ambalo natamani kila mtoto wa Kagera alijue. Januari 1892 vita vya Mengo vilipigwa, Wakatoliki wakashindwa na bunduki za Lugard, na Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa, mjukuu wa Suna, akakimbia kusini, akavuka hadi upande wa Wajerumani, katika nchi yetu. Alirudi Kampala mwezi Machi baada ya mapatano. Mwaka 1897 aliasi, akashindwa Buddu mwezi Julai, akakimbia tena njia ileile na kujisalimisha kwa Wajerumani wa Bukoba, ambao walimpeleka Mwanza wakamzuia huko. Akatoroka, akapigana tena, akakamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, na wote wawili wakapelekwa Shelisheli, ambako Mwanga alifariki mwaka 1903.

Kabaka anatafuta hifadhi katika nchi iliyokuwa ikimpelekea kahawa baba yake. Baadhi ya wazee wangu waliona hapo kisasi cha Mungu. Mimi naona jambo la kusikitisha zaidi. Katika siku za zamani mkimbizi wa kifalme akivuka Kagera, mwenye uamuzi wa kumpokea au kumtoa alikuwa Omukama. Mwanga aliamuliwa na maofisa wa boma. Omukama wa Kiziba wakati huo alikuwa Mutatembwa, mtawala wa siku nyingi, na katika jambo kubwa kama hilo la Kabaka neno la mwisho halikuwa lake.

Wajerumani hawakuwafuta Wakama. Mwaka 1906 Bukoba ilifanywa eneo la mkazi, kama Rwanda na Burundi, maana yake wafalme wabaki wakitawala chini ya jicho la ofisa mmoja. Ofisa wa kukumbukwa zaidi ni von Stuemer. Wakama waliocheza vizuri mchezo huo walinufaika. Kahigi wa Kianja, aliyeanza akiwa mdogo chini ya Kyamtwara, alijipendekeza mapema, akapanuka kwa msaada wao mpaka akawa mkubwa kuliko waliomtangulia, akajenga makao yake Kanazi. Mutahangarwa, aliyerithi Kiziba baada ya kifo cha Mutatembwa mwaka 1903, naye alijua kusoma majira. Siwalaumu. Walikuwa wakitumia ufundi uleule wa babu zao: mpe mwenye nguvu anachotaka, bakiza chako.

Tofauti ni kwamba ufundi huo ulihitaji milango zaidi ya mmoja. Wakati wa Mutesa, Omukama aliyebanwa aliweza kuigeukia Bunyoro, kufanya urafiki na Karagwe, kuwakaribisha wafanyabiashara wa Kafuro, au kungoja Kabaka afe. Kila upande aliougeukia ulimpa nafasi ya kujadiliana. Baada ya 1890 milango hiyo ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Huwezi kumwambia Mjerumani kwamba utahamia kwa Mwingereza, kwa sababu wenyewe wamekwisha kuelewana kwa karatasi. Kodi ya boma haikuwa na uso wa pili. Haikuweza kuitwa zawadi.

Na biashara nayo ilionyesha utegemezi mpya uliokuwa wa ajabu. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo ngozi na kahawa za Bukoba, nchi ya Mjerumani, zilivuka ziwa kwa meli na kushuka Mombasa kwa reli ya Mwingereza. Wajerumani waliwahimiza watu wa kawaida wapande kahawa kwa wingi, ukiritimba wa Wakama ukavunjika, na hilo, nakiri kwa furaha, lilikuwa heri kwa yule mwanamke wa kibanjani. Alianza kuuza alichochuma.

Kuna utegemezi ambao haukuondoka na mipaka. Buganda iliyokwisha kupoteza kodi yetu ilituachia mambo yake. Waziri mkuu wa Omukama aliitwa katikiro. Wakati wa Waingereza wakuu wa maeneo waliitwa wa gombolola, neno na mfumo kutoka Buganda. Wakristo wa kwanza kwetu walisali na kusoma katika vitabu vya Kiganda. Misheni ya Kashozi, iliyoanza mwaka 1892, ilikuwa na wakimbizi Wakatoliki wa Kiganda tangu mwanzo. Mungu wa ziwa tuliyemwita Mugasha, wao wanamwita Mukasa na kwao makao yake ni visiwa vya Ssese. Sioni aibu katika hayo. Watu waliopakana karne nzima hupeana majina, nyimbo na wake, na wanaojaribu kuchuja damu ya Kiziba ili itoke safi watachoka bure.

Waingereza walichukua Bukoba mwaka 1916 na kuendelea kutawala kupitia Wakama. Mtu aliyeinuka wakati huo ni Francis Xavier Lwamgira, mtoto wa Kiziba aliyekulia ikuluni na kuwa katibu wa baraza la Wakama, na kwa kweli mwenye nguvu kuliko wengi wao. Yeye ndiye aliyeandika kwa Kihaya historia ya Kiziba na wafalme wake, ikachapishwa mwaka 1949. Lwamgira hakuficha vita vya urithi wala Buganda. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa vyeo vyake vyote.

Ufalme wenyewe uliisha kwa sheria ya mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru ilipoondoa utawala wa machifu. Miaka miwili baadaye ikafutwa nyarubanja, umiliki wa ardhi uliowafanya wakulima kuwa wapangaji wa mabwana katika mashamba waliyoyalima wenyewe. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki. Ukoo uliolinda nchi isimezwe na Kabaka ulikuwa umekwisha kumeza vibanja vya watu wake.

Mstari wa 1890 ulitudai mara nyingine. Ng'ambo ya Kagera iko Missenyi, kipande cha Buddu kilichokatwa na digrii moja kikaachwa upande wa Wajerumani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia humo, Amin akatangaza kwamba mto ndio mpaka, na mapema Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Watu walikimbia na godoro kichwani. Kwenye ramani za kale mto ulikuwa kweli mwisho wa Buganda, lakini kwa watu waliokuwa wakiishi Missenyi mwaka ule ramani hizo hazikuwa na maana: walikuwa Watanzania, babu zao walizaliwa upande huu wa mstari. Majeshi yetu yaliwarudisha makwao na kufika Kampala Aprili 1979. Waliokufa wamezikwa Kaboya, Muleba, na ni vyema mwalimu yeyote anayefundisha habari za mipaka awapeleke wanafunzi huko.

Nimeufikiria sana mstari huo, nami siwezi kuuchukia moja kwa moja. Ndio uliomnyima Omukama nafasi ya kuchagua. Lakini kama wachoraji wangeuteremsha kusini kidogo, Kiziba ingekuwa mikononi mwa Mwingereza pamoja na Buganda, na sioni kwa nini yasingetupata yaliyoipata Koki: Omukama wetu angekuwa mkuu wa jimbo, na watoto wetu wangeitwa Waganda. Ufalme ulipotea, watu wakabaki na jina lao. Leo Kiziba ni tarafa katika Wilaya ya Missenyi.

Wazee wa Kanyigo, Gera, Ishozi na Bugandika, na ninyi wa Ihangiro na Kianja: mnapowasimulia wajukuu, msiishie kwa Suna na ndui. Wasimulieni waliobeba kahawa kuvuka mto, na waliotekwa wasirudi, na ndugu walioleta askari wa kigeni kwa sababu ya kiti. Na walimu wa shule za Kagera, waacheni wanafunzi wayaandike kwa mikono yao wenyewe, majina na vijiji, wakati wapo bado wa kuwajibu.